Nimebakiza miezi 16 ya bondi: je, mwajiri anaweza kukataa barua yangu ya kuacha kazi?

Swali: Shikamoo wakili. Mimi ni fundi umeme wa magari katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Mkataba wangu wa ajira hauna tarehe ya mwisho na mshahara ni shilingi 1,100,000 kwa mwezi. Kampuni ilinipeleka Nairobi kwa miezi mitatu kusomea mifumo ya magari yanayotumia umeme. Kabla ya safari nilitia saini bondi ya kuitumikia kampuni kwa miezi 36 baada ya kurudi, na kwamba nikiondoka mapema nitalipa shilingi 18,000,000. Mjomba wangu alitia saini kama mdhamini, na vyeti vyangu halisi vipo kwa afisa utumishi tangu siku hiyo. Nimetumikia miezi 20. Nimepata kazi Moshi yenye maslahi bora zaidi, lakini meneja amesema hatapokea barua yangu mpaka niweke fedha zote mezani. Msimu uliopita wa masika mishahara yetu ilichelewa mara mbili. Je, hilo linanisaidia? Ninakutumia nakala ya bondi, ya mkataba na ya mchanganuo wa gharama niliopewa wakati wa safari.

Jibu: Marahaba. Nimezisoma nakala zote tatu, na nashukuru kwamba umezituma, kwa sababu wengi huniuliza juu ya bondi bila hata kuwa na nakala yake mkononi.

Meneja wako ameunganisha mambo mawili ambayo sheria inayatenganisha. La kwanza ni ajira yako, ambayo inaongozwa na mkataba wa ajira na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. La pili ni deni linaloweza kutokana na bondi, ambalo msingi wake ni Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ajira huisha kwa notisi. Deni huisha kwa kulipwa, kwa kusamehewa, au kwa uamuzi wa chombo chenye mamlaka. Mwajiri hana uwezo wa kuizuia notisi isifanye kazi yake eti kwa sababu deni halijalipwa, kama ambavyo wewe huwezi kulifuta deni kwa kutoa notisi.

Barua ya kuacha kazi, kwa mfanyakazi mwenye mkataba usio na ukomo kama wako, ni taarifa na wala si ombi. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo (nazitaja namba za vifungu kama zilivyokuwa sheria ilipotungwa) kinataka notisi isiyopungua siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na mkataba ukiweka muda mrefu zaidi, muda huo lazima uwe sawa kwa pande zote mbili. Mkataba wako unataja mwezi mmoja kwa kila upande, basi huo ndio muda wako. Siku hizo zikiisha, ajira imeisha, hata kama meneja ameiacha barua juu ya meza bila kuifungua. Katiba ya nchi inakataza kazi ya shuruti, sheria ya ajira inaikataza kwa kuitaja kuwa ni kosa la jinai, na hakuna mahakama itakayoamuru polisi wakurudishe karakanani ukafunge betri za magari ya watalii. Kile ambacho mwajiri anaweza kukidai ni fedha.

Hapa lazima niwaonye wasomaji wengine ambao mikataba yao ni ya muda maalumu, tuseme miaka miwili au mitatu, kwa sababu jibu lao si hili. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema kwamba aliyekubali mkataba wa muda maalumu anaweza kuuvunja kabla ya muda iwapo tu mwajiri amekiuka mkataba kwa kiasi kikubwa, na kama hakuna ukiukaji, njia halali ni kumwomba mwajiri wakubaliane kuumaliza mapema. Kampuni yako inaweza kujaribu kudai kwamba bondi ya miezi 36 iliugeuza mkataba wako kuwa wa aina hiyo. Sioni kama hoja hiyo ina nguvu: bondi yenyewe inasema ukiondoka mapema utalipa, maana yake walioiandika walijua kwamba unaweza kuondoka, wakaweka matokeo yake. Isitoshe, kipengele chake cha mwisho kinasema mkataba wa ajira unaendelea na masharti yake yote kama yalivyo.

Sasa upande usiopendeza. Vijiweni utasikia kwamba bondi ni karatasi tu na kwamba hakuna aliyewahi kuilipa. Usijenge uamuzi wako juu ya maneno hayo. Bondi hudhoofika pale mfanyakazi alipoambiwa asaini baada ya kurudi masomoni, au alipotishiwa kufukuzwa, au pale "mafunzo" yenyewe yalipokuwa wiki mbili za kuonyeshwa namna ya kujaza fomu za kampuni, kazi ambayo mwajiri yeyote angelazimika kuifanya kwa mtu mpya. Yako haiko hivyo. Ulisaini kabla ya kuvuka Namanga, ulijua masharti, ulisomeshwa na chuo cha nje kwa gharama ya kampuni, ukarudi na ujuzi unaotembea nao popote uendako, na bila shaka ndio ulioivutia kazi hiyo ya Moshi. Mbele ya mwamuzi yeyote makini, bondi yako itaonekana kuwa makubaliano halali. Swali lililobaki, na ndilo lenye uzito, ni kiasi.

Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinahusu hali hii hasa: mkataba umevunjwa, na ndani yake kulikuwa na kiasi kilichotajwa kulipwa endapo utavunjwa. Sheria haisemi kwamba kiasi hicho hulipwa chote. Inasema aliyevunjiwa mkataba anastahili fidia iliyo ya haki, isiyozidi kiasi kilichotajwa, hata kama hakuthibitisha hasara halisi. Kwa maneno mengine, shilingi 18,000,000 ni dari. Hakuna atakayekutoza zaidi ya hapo, lakini pia hakuna sababu ya kuanzia hapo. Na ingawa kampuni hailazimiki kuthibitisha hasara shilingi kwa shilingi ili ipate chochote, inapotaka kiasi kikubwa italazimika kueleza kwa nini kiasi hicho ni cha haki, na hapo risiti ndizo zitakazozungumza.

Tuzitazame basi. Mchanganuo ulionitumia unaonyesha ada ya chuo shilingi 5,400,000, na nauli, malazi na posho shilingi 2,700,000. Jumla ni 8,100,000. Sijaona popote ilikotoka tofauti ya karibu milioni 10 kati ya jumla hiyo na kiasi cha bondi. Inanukia adhabu kuliko fidia, na ningetaka kumsikia mwanasheria wa kampuni akiieleza mbele ya mwamuzi. Kisha kuna miezi 20 uliyokwisha kutumikia. Kampuni ilinunua, tukiweza kusema hivyo, miezi 36 ya utumishi wa fundi aliyesomeshwa, na zaidi ya nusu imeshaipata. Ukigawa 8,100,000 kwa miezi 36 unapata 225,000 kwa mwezi, na miezi 16 iliyobaki inakupa shilingi 3,600,000. Sheria haikuandika hesabu hii mahali popote. Ni njia ya akili ya kawaida, na bondi zilizoandikwa kwa uangalifu huitaja zenyewe: kwamba deni litapungua kadiri mwezi unavyopita. Yako imenyamaza, lakini kunyamaza kwake hakumzuii mwamuzi kuuona muda uliotumika, maana fidia ya mtu aliyetoroka wiki moja baada ya kurudi haiwezi kuwa ya haki ikiwa inalingana na ya mtu aliyetumikia miezi 20.

Tarajia hoja mbili kutoka upande wa pili. Ya kwanza ni mshahara uliolipwa ukiwa Nairobi, yaani miezi mitatu, shilingi 3,300,000. Kampuni itasema ililipa bila kupata kazi. Hoja hii si ya kupuuzwa, hasa kwa kuwa bondi inataja "gharama zote za mafunzo, pamoja na mshahara". Ikikubaliwa, jumla inakuwa 11,400,000, na sehemu ya miezi 16 ni takriban 5,067,000. Hata hivyo umeniandikia kwamba mwezi wa tatu ulikuwa wa mafunzo kwa vitendo, na kwamba ulifanyia kazi gari la kampuni lililopelekwa huko; tafuta ushahidi wa hilo, kwa sababu mshahara wa mwezi ambao ulizalisha kazi hauwezi kuhesabiwa kuwa hasara. Hoja ya pili ni gharama ya kumpata mbadala wako. Kampuni inaweza kuitaja, lakini kila mwajiri hubeba gharama hiyo mfanyakazi anapoondoka, awe na bondi au asiwe nayo, na ndiyo sababu notisi ipo.

Kwa maoni yangu, basi, deni lako liko kati ya shilingi 3,600,000 na 5,100,000 hivi. Mwamuzi anaweza kuona vingine. Lakini ukikaa mezani na kampuni, usianzie kubishana kama unadaiwa. Anzia kwenye 3,600,000 na karatasi ya hesabu mkononi.

Bondi yako ina kipengele kinachosema kampuni "itakuwa na haki ya kuzuia malipo yote ya mwisho". Kifungu cha 28 cha sheria ya ajira hakimpi mwajiri uhuru wa namna hiyo. Makato ya mshahara huruhusiwa pale yanapotakiwa au kuruhusiwa na sheria, kama kodi ya mapato au marejesho ya Bodi ya Mikopo, au na mkataba wa hali bora, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya mwamuzi; vinginevyo lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi kuhusu deni. Kampuni itasema saini yako kwenye bondi ndiyo kukubali kwenyewe. Mimi ningejibu kwamba ulichokubali ni kuwepo kwa wajibu, na kwamba kiasi kinachobishaniwa bado hakijawa deni la kukatwa na upande mmoja. Na ikiwa mwajiri anataka kukata kwa kudai kuwa amepata hasara, sheria inamtaka akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na namna alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kukipinga, asizidishe hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Robo ya mshahara wako ni shilingi 275,000. Kuufanya mshahara wa mwisho kuwa sifuri hakumo katika utaratibu huo.

Unachostahili siku ya mwisho ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyoichuma na hukuichukua, na cheti cha utumishi. Kiinua mgongo usikitarajie, kwa sababu umeondoka mwenyewe. Michango yako ya NSSF imo katika mfuko kwa jina lako na kampuni haina namna ya kuizuia; hakikisha tu kwamba ilipelekwa kweli, kwa kuangalia taarifa yako kabla hujaondoka. Fanya kazi siku zote za notisi, hata kama meneja atakununia, maana ukigoma kufanya kazi katika kipindi hicho sheria inamruhusu mwajiri kukata kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Na usithubutu kutoroka. Kutokuwepo kazini bila ruhusa kwa zaidi ya siku tano za kazi kunahesabiwa miongoni mwa makosa mazito ya nidhamu, na utakuwa umeipa kampuni hadithi nzuri ya kusimulia mbele ya mwamuzi.

Kuhusu vyeti, nimesoma bondi mara mbili nikitafuta neno linalosema vimewekwa rehani, sikulikuta. Viliombwa "kwa uhakiki". Uhakiki wa miezi 23 umekwisha. Andika barua fupi, iliyo tofauti na ile ya notisi, ukivitaja kimoja kimoja na kuomba virejeshwe ndani ya siku saba. Uitenganishe kwa makusudi, ili suala la vyeti lisimezwe na mjadala wa fedha. Mwajiri anayeshikilia vyeti vya mtu ili asiondoke anajisogeza karibu na ile kazi ya shuruti niliyoitaja, na wanasheria wa kampuni wanalijua hilo vizuri. Mara nyingi barua moja iliyoandikwa kwa adabu hutosha.

Mishahara iliyochelewa haitakuokoa, nakueleza ukweli. Kulipa mshahara siku iliyokubaliwa ni wajibu wa mwajiri, na mwajiri anayekaa miezi bila kulipa amevunja mkataba kwa kiasi kinachoweza kumwondolea haki ya kudai bondi. Lakini wewe umesema ulicheleweshwa wiki mbili mwezi Aprili na siku kumi mwezi Mei, ukalipwa wote, wala hukulalamika kwa maandishi. Kila mtu wa Arusha anajua hali ya kampuni za utalii wakati wa masika. Si kisingizio cha kisheria, ila mwamuzi naye anaishi mji huu huu. Litaje jambo hilo kwenye maridhiano kama sababu ya kukupunguzia. Usilifanye kuwa sababu ya kuondoka, kwa sababu barua yako ikisema umeondoka kwa ajili ya mishahara, wakati ofa ya Moshi ina tarehe ya wiki iliyopita, utaonekana si mkweli hata kwenye mambo uliyo na haki nayo.

Kipengele kinachokukataza kufanya kazi kwa kampuni nyingine ya utalii Kaskazini kwa miaka miwili kisikunyime usingizi. Sheria ya Mikataba inabatilisha makubaliano ya kumzuia mtu kufanya kazi yake halali, isipokuwa katika hali chache ambazo hazikuhusu. Orodha za wateja na siri za kampuni ziache zilipo.

Mjomba ni jambo jingine. Dhamana aliyoiweka ina maana kwamba kampuni inaweza kumdai yeye kile unachodaiwa wewe, na hailazimiki kukumaliza wewe kwanza ndipo imfuate. Habari njema ni kwamba wajibu wake haupandi juu ya wajibu wako: fidia yako ikiamuliwa kuwa 3,600,000, yeye hadaiwi 18,000,000. Mwendee mwenyewe, kwa miguu yako na si kwa ujumbe wa simu, kabla hujapeleka notisi. Nimewahi kumwona mzee akipokea barua ya madai kutoka kwa mawakili juu ya dhamana aliyokwisha kuisahau, na mpwa wake alipokuja kueleza, hakuna aliyetaka kumsikiliza tena. Mwambie pia asisaini karatasi yoyote mpya itakayoletwa na kampuni bila wewe kuiona.

Mwajiri mpya ajue mapema. Katika kazi za ufundi si ajabu mwajiri anayekutaka akalipa sehemu ya bondi yako, kwa kuwa ni nafuu kwake kuliko kumsomesha mtu kuanzia mwanzo. Ila soma atakachokuletea kusaini, maana mara nyingi malipo hayo huja na bondi nyingine nyuma yake, nawe utakuwa umehama kamba tu. Kama hawatalipa, pendekeza kwa kampuni yako ya sasa kulipa kwa awamu, kwa mfano shilingi 300,000 kwa miezi 12, na maridhiano hayo yaandikwe na yaseme wazi kwamba yanamaliza madai yote ya bondi na kumwachilia mdhamini. Bila maneno hayo mawili usilipe hata awamu ya kwanza.

Mkishindwana, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi wanaiita CMA. Kufungua shauri hakuna ada. Hujaza fomu namba moja, nakala unampelekea mwajiri, na usuluhishi hutakiwa kukamilika ndani ya siku 30. Ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi. Migogoro isiyo ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60 tangu ilipozuka, kwa hiyo usikae ukisubiri meneja abadili moyo juu ya vyeti na mshahara wa mwisho. Nayo kampuni ikitaka kukudai bondi inaweza kwenda huko huko. Shauri husikilizwa katika ofisi ya eneo mgogoro ulipotokea, kwa hiyo hata ukiwa umehamia Moshi utalazimika kusafiri kuja Arusha. Omba ruhusa hizo kwa mwajiri mpya tangu mwanzo.

Barua yenyewe iwe fupi: tarehe, kwamba unatoa notisi ya mwezi mmoja kwa mujibu wa mkataba, siku yako ya mwisho ya kazi, na sentensi moja kwamba uko tayari kuzungumzia kiasi cha haki kinachotokana na bondi. Usikiri kiasi chochote ndani yake. Chapa nakala mbili, zipeleke mapokezi, ya kwako igongwe mhuri au isainiwe. Wakikataa kuipokea, itume siku hiyo hiyo kwa barua pepe ya kampuni na kwa posta ya rejista, na uhifadhi risiti, kwa maana siku zako zitahesabiwa kuanzia barua ilipowafikia. Tarehe ya kuanza kazi Moshi usiikubali mpaka risiti hiyo iwe mkononi, halafu ndipo uhesabu mwezi wako kutoka hapo.